Kipezi cha Chini ya Mkia

Sogeeni wanangu, nawe kitinda mimba zima hiyo feni, maana sauti yangu ya leo haishindani hata na nzi.

Mnajua ujana wangu uliishia kwenye mnara wa upepo, mashine ikivuma chini, upepo ukipanda, nami nikirusha kwa mkono vindege vya mbao, mifano ya ndege za kivita, vizunguke hewani kama pia, tuone kama vitajinasua au vitaanguka wavuni. Lakini sijawaambia kwa nini mjomba wenu aliwahi kuninunia.

Ndege mpya ilikuwa irushwe na yeye, na mfano wake kila nikiuachia ulizunguka bapa kama sahani, ukagoma kujinasua. Mkubwa wangu akasema, "Tia saini kwamba ni salama, tumechelewa." Nikakataa. Mjomba wenu akaja juu: "Dada, unanizibia riziki!" Nikamjibu, "Ninunie, mradi uwe hai wa kununa."

Tukachonga, tukabandua, tukarusha tena, hadi tulipobandika kipezi chembamba chini ya mkia, na kile kindege kikainamisha pua, kikatulia. Nikalia mbele ya mafundi wote. Ndege yenyewe ikawekewa kipezi, ila salamu ya mjomba wenu sikuipata. Kisha mchana mmoja akaingia karakana, sare imelowa jasho, akakaa sakafuni kwenye vumbi la mbao. "Dada, leo imezunguka. Nimeiona ardhi ikinijia. Halafu ikatulia." Sikumwambia "si nilikwambia", nilimpa maji. Anayerudi hasutwi, wanangu.

Basi nyumba hii isiuzwe maadamu mjomba wenu yu hai. Chumba cha mbele ni chake. Mwanangu mkubwa, najua una mipango, wala si mibaya: chukua kiwanja cha nyuma, ujenge. Karakana yangu ya hapa nyumbani na patasi ni za mdogo wako, na asiambiwe binti hachongi. Nanyi msiosemeshana tangu tumzike baba yenu, ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Kapu langu mimi liko tayari, patananeni leo, nivune.

Nizikeni mapema, msichoshe wageni… Ngojeni, nivute pumzi… Mwiteni mjomba wenu, anajifanya anasoma gazeti hapo nje, kumbe analia. Mungu awafungulie milango… awape watoto wabishi kama nyinyi…

Muishi, wanangu. Muishi hadi mchoke.