Mama Sahani na Bakteria Walioandikwa Wafu

Tunayemzika leo, mtaalamu wa maabara ambaye wengi mlimwita Mama Sahani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baiskeli. Baba yake alikuwa fundi wa karakana hiyo, mama yake mkunga. Walizaliwa wawili, na wa pili ndiye anayewasomea wasifu huu. Jana adhuhuri mkuu wa maabara alipiga simu akaomba, kwa heshima ya marehemu, sehemu inayohusu kazi ifupishwe. Familia ilikaa kikao, ikairefusha.

Alianza shule ya msingi mwaka 1976. Akiwa darasa la tano, mwalimu wa sayansi alibandua konokono ukutani, mkavu kabisa, akatangaza kuwa amekufa. Marehemu alimtia mfukoni, akaenda kumlaza kwenye kitambaa kibichi, na siku ya tatu konokono alikuwa akitambaa juu ya daftari la mahudhurio. Alichapwa viboko viwili kwa utovu wa adabu. Mama yake alipomuuliza amejifunza nini, alijibu, "Nimejifunza kwamba mwalimu hakuangalia." Alihitimu stashahada ya maabara mwaka 1992.

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika maabara ya hospitali, chumba cha mwisho kwenye korido, chenye sinki mbili na dirisha lisilofungika. Huko aliotesha vijidudu vya wagonjwa kwenye visahani vya kioo, mamia kwa mamia, na jina likamganda. Kilichomshika akili ni pampu. Kwenye utando wa bakteria mna protini zinazodaka dawa na kuisukuma nje. Siku moja mezani alimweleza mdogo wake.

"Dawa inaingia, kabla haijakaa imeshikwa shingo, imetupwa nje. Na hao mabaunsa hawachagui. Rangi wanatoa, sabuni wanatoa, dawa hii na ile wanatoa."

"Sasa dada, mtawauaje?"

"Kwanza tujue kama wamekufa."

Mwaka 2017 mkuu mpya alileta kipimo cha haraka. Bakteria wanatiwa dawa, kisha rangi inayong'aa ndani ya kilicho hai tu. Wakiwaka, wako hai. Wakiwa giza, wamekufa. Majibu yalitoka kwa saa mbili badala ya siku mbili, na mkuu akapigwa picha na tuzo mkononi. Marehemu aliwachukua wale wa giza, akawaotesha, na kesho yake asubuhi sahani ilikuwa imejaa. Walikuwa wameitema rangi kwa pampu zile zile zilizotema dawa. Akabeba sahani hadi ofisini.

"Mkuu, hawa umewaandika wafu."

"Sahani yako imeingia uchafu."

"Nimerudia mara sita."

"Basi umechafua mara sita. Wivu haupimwi hapa, dada yangu."

Wiki iliyofuata alihamishiwa kaunta ya kupokea vikombe vya mkojo. Alikaa pale miaka mitano. Barua zake nne hazikujibiwa. Wenzake waliojua ukweli walitazama viatu vyao, na leo wamejaa hapa wamevaa miwani myeusi. Hatujawasamehe, na hatutajifanya tumewasamehe kwa sababu kuna jeneza.

Alifunga ndoa na seremala tarehe 6 Julai 1996, wakapata binti mmoja. Mumewe anasema waliwahi kununiana mara moja tu, siku aliyotumia sahani ya mkewe kuwekea misumari.

Tarehe 11 Agosti 2022 alilazwa kwa homa na maumivu ya figo. Sampuli yake ilipelekwa chumba kile kile cha mwisho, kipimo cha haraka kikasema giza: dawa inafanya kazi. Akatundikiwa dawa hiyo siku saba, homa ikipanda. "Naomba mnioteshe kwenye sahani," alimwambia daktari. Daktari alimpigia mkuu. Mkuu akasema mgonjwa huyo ni mbishi tangu zamani. Hatimaye mwenzake mmoja, mmoja tu, aliotesha sampuli kwa siri. Asubuhi ya tarehe 18 alimletea sahani imejaa. Marehemu aliitazama, akauliza, "Umeandika tarehe?" Ilikuwa imeandikwa. Dawa nyingine ilianza saa tano. Alifariki kesho yake, saa tisa alasiri.

Ameacha mume, binti, na mdogo wake. Ameacha pia wagonjwa kumi na wanne waliolazwa wiki hii, ambao majibu yao yamesema giza, kwa sababu hadi jana kipimo kile kilikuwa bado kinatumika. Mwenye ndugu wodini asikae hapa kumlilia marehemu. Aende sasa hivi akadai sahani.

Yeye apumzike kwa amani, maana kazi yake aliifanya. Mkuu wa maabara hatasimama kutoa rambirambi. Tunamwomba achukue shada lake, atutangulie hospitalini, na akifika avae glavu.