Mlango wa Pave Bratoš

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka dada yetu Pave Bratoš, aliyetutoka Jumanne hapa mjini Dubrovnik akiwa na miaka sabini na mmoja. Kwa miaka thelathini na mmoja alifagia jumba la nyaraka za jamhuri yetu ya zamani. Alifagia, kisha akasoma. Mwandiko ule wa karne nne nyuma alijifunza mwenyewe.

Wasomi walitafuta merikebu na mabalozi. Pave alitafuta vijakazi. Nani alifua, nani alipigwa, nani alizaa na bwana akafukuzwa. Watoto wao waliachwa dirishani pa Nyumba ya Huruma, makao ya watoto waliotupwa, kila mmoja na utepe uliokatwa katikati. Nusu kwa mtoto, nusu kwa mama, ili akirudi watambuane.

Pave naye aliokotwa mlangoni pa watawa. Hakuwa na utepe. Alilelewa kwao Vlaho, fundi wa mawe, ambaye akawa kaka yake. Vlaho ameniambia: "Nilikuwa namtania, we Pave, hao wafu wako wanakupikia? Ananijibu, nyamaza, kula kabichi yako."

Kulikuwa na mtoto mmoja ambaye Pave alimfuatilia katika nyaraka zile: Luce, utepe wa buluu, mwaka 1611. Alitaka kujua jambo moja tu. Je, mama yake alirudi? Alitafuta miaka kumi na tisa.

Siku moja ya Februari akaingia kwa Vlaho amelowa chapachapa.

"Nimempata! Mama alikuja na nusu yake, baada ya miaka saba."

"Na mtoto?"

"Alikufa ana miaka miwili."

"Sasa unachekelea nini, dada?"

"Alikuja, Vlaho. Alichelewa, lakini alikuja."

Tangu siku hiyo Pave hakutia tena ufunguo mlangoni pake. Vlaho akamgombeza: "Utaibiwa, mwanamke wewe!"

"Waibe nini, ndoo?"

Aliishi hivyo miaka kumi na minne, peke yake, akingoja mama yake naye aje. Hakuna aliyeusukuma mlango ule. Majirani tulipita tu. Nami nilipita.

Kaka Vlaho, pole sana, wewe na wote wa nyumbani kwako. Nanyi mnaonisikiliza, kama kuna mtu anakungoja, usiseme kesho. Amka uende, hata kama umechelewa.

Ufunguo wa Pave anao Vlaho. Tulimzika Alhamisi. Mlango bado hajaufunga.