Juisi ya Mama Mkwe

Kwenye basi, fundi cherehani aliyeketi mbele yangu alipakata chupa ya manjano. Muuguzi wa pembeni yake akauliza ni juisi gani.

"Si juisi, dada. Niliroweka maganda ya limau kwenye pombe kali, nikatia sukari. Jana mama mkwe, asiyegusa kileo, aliikuta kwenye friji akadhani juisi. Alicheza mpaka kilemba kikamdondoka, akaniita mwanangu kwa mara ya kwanza."

Muuguzi alicheka hadi machozi yakamtoka. "Mwambie ukweli."

"Nirudi kuwa 'yule mwanamke'? Leo kaagiza nyingine."

"Ukweli lazima, dada."

Mimi nilikuwa upande wa chupa, ila sikuulizwa.

Basi likasimama, fundi akashuka na chupa yake. Kituoni alisubiri mama mmoja na wanakwaya wenzake watatu. "Ndiye huyu mwanangu," akawaambia, "wa ile juisi."