Nilipofuta Umeneja Wangu Mtandaoni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Wazee wangu, shikamooni. Leo sina sauti, nimechoka, lakini siwezi kukaa nalo hili moyoni.

Mimi ni Rhobi wa Nyamisangura, hapa Tarime, fundi majokofu. Nilipomaliza chuo nilitafuta ajira miaka minne. Natuma barua, kimya. Natuma tena, kimya. Binamu yangu wa upande wa Kenya akaniambia, "Weka wasifu wako mtandaoni, waajiri siku hizi wanatafuta watu huko."

Nikaweka. Lakini ndugu zangu, niliweka uongo! Niliona aibu kuandika fundi, nikaandika meneja wa miradi. Hata koti la kwenye picha lilikuwa la kuazima.

Siku moja mwajiri akapiga simu. "Nieleze mradi wa mwisho uliousimamia." Nikajifanya mtandao unakatika. "Dada, upo?" Nikakata simu, nikakaa sakafuni. Nikasema, Bwana, nimechoka kuwa mtu ambaye si mimi.

Jumapili nikamweleza Mama Gati, mzee wa kanisa letu. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Jokofu la chanjo pale zahanati, nani alilitengeneza?"

"Ni mimi, mama."

"Umeliandika huko?"

"Hapana."

"Sasa kazi ambayo Mungu amekupa unamficha nani?"

Ndugu zangu, nililia! Siku hiyo hiyo nikafuta umeneja. Nikaandika: fundi majokofu, Tarime. Nikaeleza kila jokofu nililofufua, lilikuwa na tatizo gani na nililitibuje. Nikaweka picha nimevaa ovaroli, mikono ina grisi.

Sikupata kazi kesho yake, nisiwadanganye. Miezi ikapita. Kuna asubuhi nilishindwa hata kuomba, nikawa nasema "Bwana" basi, naishia hapo.

Ndipo baba mmoja mwenye hoteli kule mjini Mugumu akapiga. "Nimesoma habari za lile jokofu la chanjo. Uligunduaje kwamba gesi inavuja?" Nikaeleza, nikaeleza, mpaka akacheka. "Inatosha, mama. Njoo Jumatatu."

Haleluya! Mkataba ni wa mwaka mmoja, na mgongo unaniuma kwa kusukuma majokofu. Lakini namshukuru Mungu, na wewe Mama Gati, asante.

Ndugu yangu unayetafuta kazi, mtegemee Bwana na uandike ukweli wako, hata kama ni mistari miwili. Mwenye simu aje tukae hapa nyuma baada ya ibada tuandike wasifu wake, tuanze na jina lake.