Fundi Sifuri na Mizani Iliyorudi Mapema

Ndugu, jamaa na majirani mlioacha shughuli zenu kuja kutusitiri, mume na baba yetu, mliyemjua kwa jina la Fundi Sifuri, alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, akiwa kitindamimba wa watoto sita wa mwashi, akamaliza darasa la saba mwaka 1967, na tarehe 2 Januari 1969 akaingia karakana ya mjomba wake kujifunza kutengeneza mizani, kazi aliyoifanya miaka arobaini na minane, akiwaambia wateja wote kwamba mizani isiyorudi sifuri ni mwizi, hata kama mwenyewe anasali, ndipo muuza nyama mmoja, aliyeumbuliwa kwa mizani yake, akambandika jina hilo.

Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa, akajaliwa watoto wanne na wajukuu saba, wote wakapimwa kwanza kwenye benchi lake, maana mizani ya manesi hakuiamini.

Februari 2017 alianza kuumwa kiuno, akasingizia kuinama, hadi tarehe 6 Juni daktari alipotuambia ni saratani ya tezi dume, imeshaingia kwenye mifupa, haitapona, ila itazuiwa kwa sindano ya homoni kila miezi mitatu. Kipimo cha damu kilichosoma mia tatu na kumi na mbili kikashuka, na tarehe 11 Septemba 2018 kikasoma karibu sifuri, naye akacheka, akamwambia mkewe, mama watoto, mizani imerudi, mimi nimepona, na sindano tatu zilizofuata hakwenda kuchomwa. Daktari alikuwa amesema ugonjwa umelala, hakusema umeondoka. Mkewe alimsikia daktari vizuri, na tarehe za sindano alizizungushia duara mwenyewe kwenye kalenda ya jikoni, lakini hakubishana naye, kwa kuwa alikuwa amechoka, na sifuri ile naye aliipenda.

Ugonjwa ulipoamka haukulala tena. Alirudia sindano Juni 2019, akapewa vidonge, mionzi ya mgongo na dripu sita za dawa kali, kila tiba ikisaidia kwa muda mfupi kuliko iliyotangulia, miguu ikakosa nguvu Oktoba 2021, akawa anapimwa akiwa kitini, kwanza kiti kitupu kikiwekwa na mizani ikirekebishwa isome sifuri, kisha yeye akikaa, kilo themanini na moja zikawa arobaini na sita, akafariki nyumbani tarehe 23 Aprili 2022, saa nne asubuhi. Daktari anasema hata bila kukosa sindano ugonjwa ungeamka, lini hajui, nasi hatutajua.

Tunamshukuru daktari huyo, manesi, majirani waliombeba ngazini, mafundi wenzake, na muuza nyama aliyekuja kila Jumapili kulalamikia mizani isiyo na kasoro, ili mgonjwa apate mtu wa kugombana naye. Kina baba mlio hapa, mkipewa tarehe ya sindano, nendeni.

Pumzika kwa amani, fundi, kiti ni kitupu, na safari hii mizani imerudi kweli.