Nyota ya Geti

Mochama, Mongina, ingieni nyote wawili mketi. Leo mtu asinikatize, wanangu. Pumzi imebaki kidogo na nina kazi nayo.

Hamgombanii shamba la chai, hilo niligawanya mbele ya wazee na limeisha. Wala si karakana ya Litein, hiyo ni yenu wote, nyote niliwafundisha kuchomelea. Mnagombania nyota ya geti letu! Wewe Mochama, mhubiri wenu amesema nyota yenye ncha mbili juu ni pembe za shetani, unataka kuikata kabla waombolezaji hawajafika. Wewe Mongina umeapa akiikata hutasimama naye kaburini. Tangu Pasaka hamsalimiani. Nawasikia mkipitana uani kama watu wa stendi, na imeniuma sana.

Nyota nimezitengeneza maisha yangu yote. Begani mwa askari ni cheo, kanisani ni Bethlehemu, na mteja akiniagiza mimi nilimuuliza ukubwa tu. Ya ncha tano ina kichwa na miguu, kwa hivyo inaweza kupinduka. Hii yetu ilipinduka siku lori la majani ya chai lilipong'oa geti, tukalirudisha juu chini kwa sababu bawaba zilikuwa zimevunjika upande mmoja. Shetani hakuwepo, palikuwa na matope.

Niliikunja kwa chuma kimoja, kama unavyoichora bila kuinua chaki. Mochama, ikate. Nyamaza, Mongina, nimesema aikate. Inyoosheni, mtabaki na chuma kirefu tu. Kigaweni katikati, kila mtu akunje pembetatu yake. Nyota ya ncha sita ni pembetatu mbili zilizopitana, hapa hii inapita juu ya ile, pale ile juu ya hii. Haina kichwa. Ipindueni mtakavyo, ni ile ile, na mhubiri atatafuta maneno mengine. Lakini pembetatu ya pili haiingii kwa ya kwanza mpaka iachwe wazi kona moja, halafu mmoja ashike kwa koleo, mwenzake achomelee. Peke yako huwezi. Nilijaribu, nikaungua kidole hiki.

Hiyo ndiyo mtakayoweka kaburini kwangu, kando ya Marcella mama yenu. Kama haijakamilika msinizike. Niacheni mochari, hata watu wakicheka.

Nipeni maji... Basi. Mungu awalinde, mikono yenu isikose kazi, watoto wenu... wajuane. Nimewabariki wote wawili, sawasawa.

Sasa nani atashika, nani atachomelea? Msiniangalie mimi. Ambianeni... nikiwa bado nasikia.