Roketi Iliyobaki Kwenye Mchanga Mweupe wa Suhopesk

Mgeni rasmi, Ndugu Arseni Lyubimtsev wa kamati ya filamu, Moskva,

Sisi akina mama wa Suhopesk tunakukaribisha. Mkate na chumvi umeshaonja. Sasa utuvumilie, aliyeandika hakusoma sana.

TULIKOTOKA
Mwaka 1988 watu wa filamu walikuja kutafuta sayari iliyokufa. Walipouona mchanga mweupe ambao kiwanda humwaga nyuma ya mji, walishangilia: "Hapa hatujengi kitu!" Tukacheka nao. Walijenga roketi tu, ya mbao, wakaipaka rangi ya fedha. Sisi tukavishwa mavazi ya kung'aa, tukawa watu wa mwaka 2300 kiangazi kizima. Hatujawahi kuwa wazuri vile tena. Wakaondoka wakisema: "Msiguse kitu, picha haijaisha. Tunarudi Mei."

TULIYOFANIKIWA
Hatukugusa. Mei tatu zimepita tukilinda kwa zamu. Fundi Yegor alipong'oa mlango wa roketi akajengee banda la viazi, mwenzetu Zinaida alimkimbiza: "Rudisha, we panya! Wakija wataruka bila mlango?"
"Waruke wapi, Zinaida? Ndani hamna hata injini!"
Aliurudisha. Ndipo tulipokosea: watoto walituona, wakaamini roketi ni ya kweli.

YANAYOTUSUMBUA
Watoto wanashinda humo. Mchanga ule unawasha macho, na tangu theluji iyeyuke wanakohoa. Tumekataza, tumechapa. Juzi nilimwita binti yangu Lada, ana miaka tisa. Akanijibu kwenye dirisha la roketi:
"Siwezi kushuka, mama. Nje hakuna hewa."
"Shuka, nitakuchapa!"
"Basi vaa kofia yako ya angani kwanza."
Nilicheka, mgeni rasmi. Kisha nikamsikia anakohoa.

MAOMBI
Tupe ruhusa ya maandishi tuihamishie roketi uwanja wa shule. Bila karatasi Zinaida hakubali, na kusema kweli hata sisi mikono inakuwa mizito. Pia utuletee filamu yenyewe, hata kama ni vipande. Tunatamani kujua kama wale watu wa 2300 walifika.

Ukirudi Moskva ukatusahau kama wenzako, watoto hawataacha kungoja. Wanasema safari ni Mei hii.

Tunakuombea njia njema na nyumba yenye joto. Jioni utakuta vumbi jeupe kwenye viatu vyako. Lifute kwa kitambaa kibichi, ndugu yetu. Usilipulize, hasa kama una watoto.

Ni sisi,
Akina mama wa Suhopesk, watu wa mwaka 2300.